Upande wa Pili wa Santuri: Maisha ya Daudi Kabaka

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kwa heshima zote za wahenga, leo nitaubishia msemo huo kidogo. Kuna mwanamume aliyecheza kwao, hapa hapa Nairobi tunapoishi, na nchi nzima ikamsikia kila siku ya Mungu. Lakini juzi nilipolitaja jina lake darasani, wenzangu walinitumbulia macho kama samaki wa Gikomba. Mmoja, ambaye sitamtaja maana ni rafiki yangu, alidhani nazungumzia mfalme wa Waganda. La hasha! Namzungumzia Daudi Kabaka, mwimbaji na mpiga gitaa, yule aliyeitwa mfalme wa twisti.

Mpenzi msomaji, kama nawe humjui usione haya. Nenda kwa mtu mzima yeyote mtaani mwenu, awe mama mboga au fundi wa viatu, umvumishie wimbo uitwao Harambee Harambee. Utaona atakavyotabasamu. Kwa miaka mingi, enzi redio yetu ilipokuwa ikiitwa Sauti ya Kenya, wimbo huo ulipigwa kabla ya taarifa ya habari. Nyanya yangu anasema ukianza tu, watoto walijua ni wakati wa kunyamaza, manake baba mwenye nyumba anataka kusikiliza habari. Kwa hivyo watu walimsikia Kabaka kila siku ilhali hawakumsikiliza. Wimbo wake ulikuwa kama kengele ya shule. Nani huuliza kengele imetengenezwa na nani?

Hebu basi tuulize.

Daudi Kabaka alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kyambogo, Uganda, lakini wazazi wake walikuwa Wakenya. Wote wawili walikuwa waimbaji wa kwaya kanisani, kwa hivyo tunaweza kusema mtoto alinyonya maziwa pamoja na sauti ya kwanza na ya pili. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Sasa mtoto wa mfanyakazi wa reli ni kama mzigo wa reli, huteremshwa popote treni inaposimama. Kabaka alianza shule ya msingi upande wa Nakuru, wakahama, wakahama tena, hata familia ikafika Nairobi, naye akasoma huku kwetu Pumwani.

Hapo lazima nisimame kidogo. Sisi wa Eastlands tumezoea kusikia kwamba mambo makubwa hutokea ng'ambo ya mji, Westlands na kwingineko, na kwamba huku kwetu kuna vumbi na matatu tu. Pumwani ndiyo mtaa mkongwe kuliko mitaa yote ya Waafrika iliyosalia katika jiji hili. Ulianzishwa miaka zaidi ya mia moja iliyopita, wakati Mwafrika hakuruhusiwa kuishi popote apendapo. Baadaye ikaja mitaa mingine: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Mbotela, Jericho. Kulikuwa na ukumbi Pumwani na kulikuwa na ukumbi Kaloleni, na kumbi hizo zilikuwa za siasa mchana na za dansi usiku. Kabaka alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952. Aprili 1954 askari wa mkoloni waliuzingira mji na kukamata maelfu ya watu. Huo ndio mji uliomlea kijana huyu. Mtu angetarajia nyimbo za kilio tupu zitoke humo. Badala yake zilitoka nyimbo za kutikisa kiuno.

Kabla hajafikisha miaka ishirini tayari alikuwa amerekodi. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na kampuni kadhaa za santuri na magitaa yalikuwa yamesambaa kama simu zilivyosambaa leo. Wapiga gitaa wa Kongo walikuwa wakipita hapa na kuwaachia vijana wetu ujuzi. Mwenda Jean Bosco, yule bingwa wa gitaa kavu kutoka Katanga, alikuja mwaka wa 1959, na Edouard Masengo naye alikuja, nyimbo zake zikatumika hata kutangaza bidhaa. Vijana wa Nairobi walikaa chini wakatazama vidole. Halafu wakaenda zao wakafanya mambo yao wenyewe.

Kabaka alijiunga na studio iliyoitwa Equator, ya Mzungu mmoja aitwaye Charles Worrod. Studio hiyo ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, na mimi nikisoma majina ya waliopiga humo nahisi ninasoma orodha ya timu ya taifa. Kiongozi alikuwa Fadhili William, Mtaita aliyekuwa wa kwanza kurekodi ule wimbo wa Malaika. Alikuwepo Gabriel Omolo, ambaye baadaye katika miaka ya 1970 alitoa Lunch Time na kuwavunja mbavu makarani wa mji mzima. Walikuwepo Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Zambia ambayo wakati ule iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Na alikuwepo Kabaka.

Wale Wazambia wawili walileta kitu. Kusini kulikuwa na muziki uitwao kwela, wa Afrika Kusini, ambao watoto wa mitaani walianza kuupiga kwa filimbi za bati. Mwendo wake ni mwepesi, unarukaruka kama mtu anayekwepa madimbwi. Huko Marekani nako, mwaka wa 1960, Chubby Checker alikuwa amewapagawisha watu kwa twisti, ile dansi ya kuzima sigara kwa ncha ya kiatu huku ukijifuta mgongo kwa taulo isiyokuwepo. Vijana wa Equator walichukua jina la dansi ya Marekani, wakachukua mwendo wa kusini, wakachukua gitaa lililopita Kongo, kisha wakaimba kwa Kiswahili cha Nairobi. Hiyo ndiyo twisti ya Kiafrika, na Kabaka akawa mfalme wake. Ona ajabu: jina lake Kabaka maana yake ni mfalme huko Buganda alikozaliwa, na huku kazi yake ikampa ufalme wa pili.

Nimezisikiliza nyimbo hizi kwa babu yangu, anayekaa Mbotela. Ana santuri zake katika katoni ya sabuni, nyingi alizinunua River Road akiwa kijana mwenye mshahara wa kwanza. Ni zile ndogo za upande mmoja wimbo mmoja, dakika tatu hivi, halafu unageuza. Babu ana sheria moja ambayo haivunjwi: ukiweka santuri lazima uigeuze. Huruhusiwi kuinua sindano ukaondoka baada ya upande wa kwanza. Mimi nilimuuliza kwa nini, ikiwa wimbo niupendao ni ule wa kwanza. Akanieleza kwamba upande wa kwanza ndio redio iliupiga, kwa hivyo hakuwa na haja ya kuulipia, angeweza kuusikia bure kwa jirani. Pesa yake ilikuwa ya upande wa pili.

Nilipogeuza ndipo nikamjua Kabaka. Kwanza sauti. Ni sauti nyororo, haipigi kelele, na karibu kila mara kuna sauti nyingine inayotembea kando yake hatua kwa hatua, kama wanafunzi wawili wanaotoka shule wakishiriki mwavuli mmoja. Nadhani hiyo ni kwaya ya wazazi wake. Pili gitaa. Halijazi nafasi yote. Linasema, linanyamaza, linasema tena. Siku hizi tumezoea nyimbo zisizoacha hata tundu la kupitisha sindano, kompyuta imeziba kila mahali, na mimi sisemi ni mbaya, nazipenda pia nikiwa katika matatu ya kwenda Umoja. Lakini ukisikia gitaa linalonyamaza unaanza kusikiliza besi, na ukishasikia besi hutaacha kuisikia maisha yako yote. Hilo nawahakikishia.

Halafu kuna maneno. Kabaka aliimba Pole Musa, akaimba Msichana wa Elimu, akaimba Western Shilo. Hizi ni nyimbo za watu wa kawaida wanaoishi, wanaoposa, wanaodanganywa. Kwa mwanachama wa Chama cha Kiswahili ni darasa tosha: maneno machache, hakuna la kupamba, na Kiswahili ambacho mtu wa Kisumu na mtu wa Mombasa wote walikielewa wakati ambapo vitabu vyenyewe vilikuwa haba. Mwalimu wetu wa fasihi simulizi hutuambia tutafute nyimbo za vijijini. Sawa. Lakini na Pumwani je? Pumwani si kijiji cha mtu?

Harambee Harambee ni wimbo wa wakati nchi ilipokuwa changa. Mzee Kenyatta alikuwa amelifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, na Kabaka akaupa wito huo mwendo wa kuchezeka. Redio ikaupenda. Hapo ndipo heri na shari zilipooana. Ukiwa na wimbo unaopigwa kila siku kwa miaka, je, nani atakumbuka kuuliza una nyimbo ngapi nyingine?

Na redio si ya hapa nyumbani peke yake. Kabaka alikuwa na wimbo mwingine, Helule Helule. Mwaka wa 1968 kundi la vijana wa Uingereza liitwalo The Tremeloes, ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limeongoza chati za kwao kwa wimbo mwingine, liliuchukua Helule Helule likaurekodi kwa Kiingereza. Ulipanda hadi nambari 14 katika chati za Uingereza, na jina Kabaka likaandikwa miongoni mwa watunzi. Wasee wenzangu, fikirieni jambo hili. Kijana aliyesoma Pumwani, miaka mitano tu baada ya uhuru, wimbo wake unachezwa na watoto wa wale wale waliotutawala! Leo msanii wetu akitajwa tu London tunajaza simu kwa picha zake wiki nzima. Huyu hata katika vitabu vyetu vya historia hayumo.

Watu hupenda kuuliza basi alitajirika? Swali hilo linahitaji kueleza biashara ya santuri ilivyokuwa. Kawaida ya siku hizo, mwanamuziki alikwenda studioni, akaimba, akapewa pesa mara moja, akaenda zake. Wimbo ukauzwa mara kumi au mara elfu kumi, yeye alikuwa keshakula nauli. Kenya ilipata sheria yake ya kwanza ya hakimiliki mwaka wa 1966, lakini sheria kwenye karatasi na shilingi mfukoni ni ndugu wasiosalimiana. Mwenzake Fadhili William ni shahidi wa hayo. Malaika iliimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M, ikaimbwa karibu na kila mwenye koo, na mpaka leo watu hubishana nani aliyeitunga. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, na hakurudi nyumbani tajiri.

Kwa hivyo mwanamuziki aliishi kwa nini? Kwa kupiga muziki mbele ya watu. Jibu ni hilo tu. Kiingilio cha mlangoni ndicho kilichonunua unga. Mapema katika miaka ya 1970 Kabaka aliiacha Equator, na pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi wakaunda bendi yao wenyewe, African Eagles. Hapo mimi humvulia kofia. Kuacha kazi ya studio ukaenda kutegemea watu watakaokuja ukumbini Jumamosi ni jambo linalotaka moyo.

Lakini dunia haikusimama kumsubiri. Twisti ilikuwa imeanza kuchujuka. Benga ilipanda kutoka Nyanza kwa kishindo, rumba ya Wazaire ikaingia na suti zake, ndugu wa Simba Wanyika wakaja kutoka Tanzania mwaka wa 1971 na magitaa matamu kama asali. Bendi zote hizo ni nzuri, babu anazo pia katika katoni. Nasema tu kwamba redio ina moyo wa kuhamahama. Mwaka wa 1980 ilitolewa amri kwamba Sauti ya Kenya ipige muziki wa Kenya asilimia 75. Mtu angedhani sasa akina Kabaka wamepona. Amri hiyo haikudumu, ikafutwa upesi, na mambo yakarudi yalivyokuwa. Ndipo nikaelewa kwamba amri haiwezi kumfanya mtu apende wimbo, sawa na vile kiboko hakimfanyi mtu apende hesabu. Lazima masikio yenyewe yazoeshwe.

Baadaye nyimbo za kizazi chake zikapewa kapu moja: zilizopendwa. Kama wanachama wa Chama cha Kiswahili, hebu tulichambue neno hilo. Zi-li-zo-pend-wa. Hiyo -li- ni ya wakati uliopita. Kwa hiyo zilipendwa zamani, na sasa je? Nani aliyekaa akaamua kwamba mapenzi yamekwisha? Mimi nina miaka kumi na sita na ninazipenda leo, Jumanne. Ningekuwa na uwezo ningeziita zinazopendwa, lakini najua mwenye stesheni hatanisikiliza.

Daudi Kabaka alifariki mwezi wa Novemba mwaka wa 2001, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa muziki wetu. Fadhili William alikuwa ametangulia mwezi wa Februari, na mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumempoteza Fundi Konde. Mwaka huo huo wa 2001 Bunge likapitisha sheria mpya ya hakimiliki. Daktari alifika mgonjwa keshazikwa.

Sasa nitamwambia msomaji kwa nini nimeyaandika haya yote katika gazeti la mwaka huu, wala si lile la mwaka ujao.

Mtaani kwetu kuna bendi. Sitaitaja jina, wenyewe ni watu wa haya. Ni vijana wanne na mzee mmoja wa besi ambaye mchana hutengeneza baiskeli. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi hukodisha ukumbi wakapiga tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili. Kiingilio ni shilingi 100, wanafunzi 50. Nyimbo ni zao wenyewe, na ziko mbili ambazo ningezipeleka redioni kesho kama ningekuwa na njia. Mwezi uliopita nilihesabu vichwa. Watu wazima waliolipa walikuwa 14 na wanafunzi sisi sita. Hiyo ni shilingi 1,700. Ukumbi ni 1,000. Mkokoteni wa kubebea spika kwenda na kurudi ni 300. Zikabaki 400 za watu watano, yaani shilingi 80 kila mmoja. Hiyo ni chapati, maharagwe na chai. Nje ya ukumbi, vijana zaidi ya hamsini walikuwa wameegemea ukuta wakisikiliza muziki huo huo bure huku wakitazama simu. Tena walikuwa wakitikisa vichwa, kwa hivyo najua uliwaingia.

Mzee wa besi amesema kama mambo hayabadiliki ataliuza gitaa lake kabla ya Krismasi. Ameshapata mnunuzi, mtu wa kanisa moja.

Chama chetu nacho kina Siku ya Kiswahili muhula wa pili mwakani, na katika sanduku la chama kuna shilingi 6,000 za burudani. Wengi katika kamati wanataka dijei. Sababu yao ni kwamba wanafunzi watataka nyimbo wanazozijua, na ukileta bendi ya mtaani watachoka. Mimi nilijibu kwamba nyimbo wanazozijua wanazo tayari katika simu zao, wamezipanda nazo asubuhi kwenye matatu na watashuka nazo jioni. Kwa nini tulipie upande wa kwanza? Katibu akacheka akasema hajui santuri ni nini. Lakini mwalimu mlezi hakucheka. Akaagiza jambo hilo liletwe tena katika kikao cha kwanza cha muhula, kila mwanachama apige kura.

Nimekwisha kuongea na bendi. Kwa 6,000 wako tayari kuja na spika zao, wapige saa mbili, na wako tayari kujifunza Msichana wa Elimu ili waalimu nao wapate lao. Vijana wanne hawakuwa wamewahi kuusikia. Mzee wa besi aliujua, akaanza kuupapasa pale pale kwenye kibanda chake, mikono ikiwa na grisi, halafu akaniuliza kama babu anaweza kumwazima santuri yenyewe. Babu amekubali, ila kwa sharti lake lile lile.